Mwanangu alipomeza dawa ya kifafa ya bibi yake

Ilikuwa saa nne asubuhi, mama mkwe akaita kwa sauti kutoka chumbani kwake. Nilimkuta mwanangu wa miaka mitatu ameketi sakafuni, midomo imejaa unga mweupe, karatasi ya vidonge vya bibi iko mapajani. Kabamazepini, miligramu 200. Tukahesabu: jana usiku vilibaki vinane, asubuhi bibi alimeza kimoja, sasa viko vitatu. Vinne havipo.

Jirani mmoja alileta maziwa, mwingine tayari anatwanga mkaa wa jikoni. "Mtie kidole atapike!" Siwalaumu, hata mimi nimekulia dawa hizo. Ila kliniki tuliwahi kuonywa kwamba ukimtapisha mtoto anaweza kupaliwa. Nikamfuta mdomo, nikachukua ile karatasi, tukapanda bodaboda kutoka Kihonda hadi hospitali.

Daktari aliuliza dawa gani, vingapi, saa ngapi. Ile karatasi ilinisaidia sana. Saa moja ilikuwa haijapita tangu ameze, na mtoto analia kwa nguvu, kwa hiyo akasema mkaa wa hospitali utafaa. Angekuwa amesinzia, ungeweza kuingia mapafuni. Walimpima, kilo 13, akaandikiwa gramu 13. Nesi aliukoroga na maji ukawa kama uji mweusi, akampa kidogo kidogo pembeni mwa shavu kwa bomba la sindano. Wa mwanzo aliutemea kwenye kanga yangu. "Taratibu mama, usimlaze," nesi aliniambia.

Nilimuuliza daktari kuhusu mkaa wa jirani. Akasema huu wa hospitali umepitishwa kwenye joto kali na mvuke mpaka kila chembe ina vitundu visivyohesabika. Dawa hunasa humo, ikatoka na choo. Wa jikoni hauna nguvu hiyo. Na hata huu hausaidii mtoto akinywa mafuta ya taa au asidi, wala akimeza vidonge vya kuongeza damu. Hapo moyo ulinipasuka: nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na vidonge hivyo nilikuwa naviacha mezani.

Jioni alisinzia, akiamka anayumba. Tulilala wodini, usiku kucha wakimpima pumzi na mapigo ya moyo. Asubuhi akaomba uji. Choo chake kilikuwa cheusi tii kwa siku mbili, na kama nesi asingenitahadharisha mapema, ningemrudisha mbio.