Bata na bustani yangu ya sukuma wiki

Jamani tangu nianze kuwaachia bata kwenye bustani ya uani, dawa ya wadudu inakaa tu kwenye kopo. Asubuhi umande haujakauka wanaingia kwenye matuta ya sukuma wiki, wanapekua chini ya majani kwa midomo, konokono anamezwa na gamba lake, panzi ndo usiseme. Kuku nawapenda ila wanachakura mno, mche mchanga haubaki, kwa hiyo wao nawaingiza kabla sijapanda wafukue sota (wale viwavi wanaokata miche) na mabuu kwenye udongo, weee wanavyogombania! Ila mchicha ukiwa mdogo hata bata wazuieni, wataula wote. Na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, bata wanawapita tu, hao bado nawapulizia maji ya sabuni.