Masua, Kijijini kwa Mwenye Tuntuni

Treni ya asubuhi kutoka Kamalapur, Dhaka, ilishona watu hadi milangoni. Bhairab Bazar wakahamisha injini upande wa pili wa mabehewa, tukashika njia ya Kishoreganj. Muuza muri akapenya katikati ya magoti yetu: bisi za mchele, vitunguu, pilipili mbichi na mafuta ya haradali, vyote vikatikiswa ndani ya kopo na kumiminwa kwenye karatasi. Ilinitoa machozi, nikaagiza nyingine.

Tulishuka Manikkhali, mimi na mwenyeji wangu, tukakodi bajaji hadi Masua. Dereva hakumjua Upendrakishore Ray Chowdhury, mwandishi wa vitabu vya watoto, hata kidogo, ila alipotajiwa Satyajit Ray, yule mtengeneza filamu, akawasha chombo. Mjukuu amemfunika babu, na kwangu mimi huo si uungwana.

Maana babu alizaliwa huku, mwaka 1863, akaitwa Kamadaranjan. Alipofika miaka mitano, jamaa tajiri akamchukua kuwa mwanawe na kumbadilisha jina. Baadaye, akiwa Kolkata, akaandika vitabu vya watoto na kuvichorea mwenyewe. Wachapaji walipomharibia picha, hakukaa kulalamika: mwaka 1895 aliagiza mitambo Uingereza, akajisomea uchapaji wa picha mpaka wataalamu wa huko wakawa wanasoma makala zake. Gazeti lake la watoto, Sandesh, lilitoka 1913. Miaka miwili baadaye kisukari kikamwondoa.

Nyumba ya ukoo ni gofu. Mizizi imepasua matofali, kuvu imepanda hadi kwenye madirisha. Kando kuna bwawa lenye ngazi, na hapo ajuza mmoja alikuwa akisugua sufuria kwa majivu, wajukuu wakimzunguka. Mwenyeji wangu akamwamkia kwa adabu, akamuuliza kama anamjua Tuntuni.

Kumbe tumechokoza! Sufuria ikawekwa chini. Tuntuni ni kile kindege kinachoshona majani kuwa kiota, naye Upendrakishore alikiita kitabu chake cha hadithi kwa jina la kindege hicho mwaka 1910. Kindege kinaokota sarafu ya mfalme, kinaimba kwamba sasa utajiri wa ikulu uko pia kiotani. Mfalme anaipokonya, kinaimba kwamba mfalme fukara. Anairudisha, kinaimba kwamba mfalme mwoga. Hapo bibi aliimba kwa sauti nyembamba, shingo kaipinda, na watoto wakamwitikia. Mwishoni mfalme anakimeza, kinachomoka, na upanga uliokikusudia unakata pua ya mfalme mwenyewe. Bibi akamshika mjukuu pua, kelele zikazuka.

Kwenye dibaji ya kitabu hicho Upendrakishore alieleza kwamba wanawake wa Bengali Mashariki, ndiyo Bangladesh ya leo, walitumia hadithi hizi kuwazuia watoto wasisinzie kabla ya kula jioni. Hapa ilikuwa adhuhuri, na hakuna aliyesinzia. Mdogo kuliko wote alidai nyingine. Bibi akamwambia akanawe mikono kwanza.