Visahani vya bure vimemshinda mamangu

Nimetoka kula sasa hivi, mdomo bado wawaka.

Kuna kimkahawa cha Kikorea huku Nyali. Si cha fahari, meza za plastiki, na menyu imechanganywa na tambi za Kichina na wali wa Kitai. Bei ya watu wa kawaida.

Nikampeleka mamangu. Kwake yeye chakula cha nje ni biriani, basi.

Kwanza akamhoji kijana wa kuhudumia: nyama ni halali? Nguruwe yupo jikoni? Aliporidhika tukaagiza bibimbap: wali, mboga, nyama ya ng'ombe, yai juu, na gochujang, ile rojo nyekundu ya pilipili iliyochachushwa.

Kabla ya chakula vikaja visahani. Kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, figili, mchicha wenye ufuta.

Mama akavisukuma mbali.

"Rudisha, mwanangu. Hatukuagiza hivi. Watatutilia kwenye bili."

Nikamwambia Wakorea huviita banchan, huja na chakula bila malipo, na vikiisha waongezwa. Hakuniamini! Akamwita yule kijana amuulize mwenyewe.

Weee. Baada ya hapo kimchi haikukaa mezani. Vijiti vya chuma kando, mkono kazini, bibimbap yenyewe akafungiwa nusu.

"Hii ni achari ya kabichi tu," asema, "ila yataka ndimu."

Sasa tuko kwenye tuktuk, ataka tupitie Kongowea kununua kabichi na pilipili.

Nani ashawahi kutengeneza kimchi nyumbani na joto hili la Mombasa? Chumvi kiasi gani, na huachwa siku ngapi? Nijibuni haraka, twakaribia sokoni 😂