Nilivyoitoa hina mkononi nikaitundika ukutani

Tangu yaishe yale maonyesho ya pamoja ya wasanii kwenye galari yetu ndogo hapa Lamu naulizwa sana, hasa na wasichana wanaopaka hina hapa Lamu na wengine wa Malindi, wanataka kujua nilifanyaje mpaka hina ikatundikwa galari pamoja na picha za rangi na mbao za nakshi. Nimeona bora niandike yote mara moja, itakuwa ndefu mnivumilie.

Mi ni wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu. Hina nimefunzwa na bibi yangu mzaa mama, na yeye alikuwa anajulikana mui (mji) mzima, ukitaka bi harusi wako apendeze unatuma mtu kwake mapema kabla hajachukuliwa na wengine. Alipofariki, baada ya arubaini nikakaa nikitafuta kitu cha kazi yake niweke nyumbani nikakosa. Manake hina ndio hivo, ngozi ya mtu inajibadilisha yenyewe, wiki mbili tatu nakshi imeenda zake, na bi harusi wetu hapigwi picha akaoneshwa kila mtu, hata hizo zilizopigwa ziko kwenye simu za wenyewe na hazitoki na ndivyo inavyotakiwa. Pale makumbusho kuna siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, watu wanatoka mbali kuja kuzitazama, mafundi wa milango nao kazi zao ziko kila kichochoro unapita unazishika kwa mkono, lakini bibi yangu kapaka mikono ya wanawake wa mui huu miaka na miaka na hakuna hata mstari mmoja uliobaki. Hilo liliniuma na bado linaniuma, na ndilo lililonitia kwenye haya mambo.

Nlianza na kitambaa, ile marekani nyeupe, nikaivuta kwenye fremu nikapaka hina kama ninavyopaka mkono nikailaza usiku. Asubuhi nimeibandua naona rangi ya chai ya maziwa, nimeisuuza mara moja imebaki umanjano hafifu. Nikasema labda hina mbovu, nikabadilisha, ikawa yaleyale. Nikajaribu karatasi nzito ikajikunja na mafuta yakatambaa. Nikajaribu ubao pia hapana. Nimepoteza miezi hapo bila kujua kwa nini, mpaka kijana mmoja wa jirani anayesomesha kemia sekondari akanielewesha kwamba rangi ya hina inashikana na protini, ndio maana inakolea kwenye kiganja na wayo ambako ngozi ni nene, na kucha na nywele nazo zinashika, lakini pamba haina protini kwa hivo rangi haina pa kushikilia. Akaniambia hariri na sufu ya kondoo zitakubali. Hariri nikaulizia bei nikanyamaza. Halafu usiku nimelala nikakumbuka, ngozi si lazima iwe ya binadamu, na hapa kwetu ngozi ya mbuzi iko kila penye tari!

Nikaenda kwa mzee mmoja anayewamba matari yanayopigwa kwenye maulidi, nilimkuta barazani kwake baada ya alasiri.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Wataka tari?"

"Sitaki tari ami, nataka ngozi, nataka kuipaka hina."

Akanitazama muda. Nilidhani atakasirika, manake matari yana heshima yake, si kitu cha kuchezea. Akauliza mtoto wa nani mimi, nikamtaja bibi, akasema "Bibi yako ndiye aliyempaka mke wangu hina ya harusi yetu. Njoo kesho asubuhi uje na ndoo na chokaa."

Basi kila kitu cha ngozi nimekijua kwake. Ngozi unainunua mbichi kwa mchinjaji siku hiyohiyo, usingoje kesho, na uiangalie mwenyewe kwa mwangaza maana kisu kikipita vibaya inatoboka na tundu linaendelea kupanuka ukivuta. Unailoweka kwenye maji ya chokaa siku nne tano, kila siku unaigeuza kwa mti (mkono usitie, chokaa inachoma), mpaka ukivuta nywele zinatoka bila kulazimisha. Unakwangua pande zote mbili, manyoya na nyama, halafu unaosha, na hapa ndipo nlikosea mara mbili, niliosha haraka haraka chokaa ikabaki ndani na hina ikakataa kukolea sawasawa, ikawa mabaka. Hina inataka uchachu na chokaa ni kinyume chake. Siku hizi naosha mpaka maji yatoke safi, halafu naloweka tena kwenye maji yenye siki kidogo halafu maji matupu. Ndio unavuta kwenye fremu ikiwa bado laini, unaikausha kivulini. Ukianika juani inakauka upande mmoja kwanza na inapinda mpaka fremu inavunjika.

Hina yenyewe ni ileile ya mikononi, poda naichunga kwa mtandio mwepesi, ndimu, sukari, chai ya rangi iliyochemka sana, na matone ya mafuta ya karafuu, naiacha mpaka itoe rangi. Tofauti ni kwamba napaka nene zaidi na naiacha siku nzima na usiku wake. Ukibandua utaona rangi ya chungwa utavunjika moyo, usivunjike, ingoje siku mbili tatu itakolea yenyewe mpaka ile hudhurungi tunayoipenda. Piko, ile rangi nyeusi, sitii. Wengi wameniuliza kwa nini nisitie piko kwenye ngozi ya mbuzi ikiwa haiumii, ni kweli haiumii, lakini mkono unaochanganya ni wangu, na nimewaona watu waliovimba na kutoka malengelenge kwa ile rangi ya nywele nyeusi, sitaki kuiona nyumbani kwangu hata kidogo.

Sasa kuhusu galari. Kabla ya hii ya hapa nlipeleka vipande viwili sehemu moja mji mwingine, sitaitaja, yule aliyenipokea hakuvishika hata kuvishika, akasema huu ni urembo wa kina mama si sanaa. Nlirudi kwenye basi nikilia wazi wazi. Kwa hivo niliposikia ya hapa nyumbani inatafuta wasanii wa mui kwa maonyesho ya pamoja niliogopa kwenda, ni dada yangu aliyenishika mkono. Ni galari ya jamii, ndogo, wanaiendesha wasanii wenyewe, kila anayeonyesha anachanga elfu moja mia tano ya taa na chai, na kitu kikiuzwa asilimia ishirini inabaki ya kodi ya nyumba. Mi naona ni haki kabisa. Tulikuwa saba, kuna wachoraji watatu, fundi wa nakshi za mbao, mama wa kijiji cha Matondoni na mikeka yake, mshonaji wa kofia za vito, zile zinazoshonwa kwa mkono, na mimi. Kofia na mikeka nao ilikuwa mara yao ya kwanza kuwekwa ukutani na naamini kama wao wasingekuwepo na mimi ningeambiwa tena ni urembo. Yule mama wa Matondoni alisema neno kwenye kikao, kwamba mkeka wake unakaliwa na watu miaka kumi na hakuna aliyewahi kumuuliza ameusukaje, kikao kizima kikanyamaza.

Wasiwasi wao kwangu ulikuwa mmoja tu, harufu. Na walikuwa na haki, ngozi ikipata unyevu inanuka kidogo. Nikaahidi nitafukiza udi kila siku kabla ya kufungua, na nlifanya hivo, na hiyo udi ikaja kuwa baraka, nitaeleza.

Kutundika ndio kazi iliyotutoa jasho. Nyumba ni ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mui wetu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, huwezi kujipigia misumari unavyotaka, na hata ungeruhusiwa usingepiga, plasta inamomonyoka na msumari wenyewe chumvi ya bahari inaula unaacha alama ya kutu. Halafu vyumba vyetu mnavijua, virefu na vyembamba, kwa sababu urefu wa boriti ya mkoko ndio unaoamua upana wa chumba. Mchoraji mmoja alikuja na picha kubwa ya jahazi, ukisimama mbele yake mgongo umegusa ukuta wa pili na bado huioni yote. Tukaihamishia kiwandani (uani) chini ya kivuli ambako mtu anaweza kurudi nyuma. Vyangu tulivifunga kwa kamba za makumbi kwenye boriti vikawa vinaning'inia hewani mbali na ukuta, ikawa bora kuliko nilivyowaza, maana ngozi ukiiwekea taa nyuma inaangaza kama kandili na nakshi zinaonekana pande zote mbili. Hiyo hatukupanga, tuliona usiku fundi alipopita nyuma na tochi na sote tukasema subhanallah. Kofia zikaingia kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kila moja kidaka chake, utadhani zidaka zilijengwa kwa ajili yao.

Bei sasa. Mi nlitaka kuandika kama ninavyotoza mkono wa bi harusi, fundi wa nakshi akanikataza. Akanikalisha tukahesabu, ngozi mia nne, hina chokaa na siki karibu mia tatu, fremu mia saba, halafu siku zangu, tukapata siku tisa kwa kipande kimoja. Akasema hizo siku tisa ni za nani? Tukaandika elfu sita kwa vidogo na elfu kumi na moja kwa vikubwa, mkono wangu ulikuwa unatetemeka nikiandika. Kati ya vipande vyangu tisa viliuzwa vinne, viwili kwa wageni waliotoka Shela na viwili kwa watu wa hapahapa, na hao wa hapa ndio walionifurahisha zaidi.

Siku ya tatu ikaja balaa. Tulifungua mwisho wa Machi, mvua ikawahi, nimeingia asubuhi nakuta ngozi zote zimelegea, zimefanya matumbo, nakshi zimepinda. Nlikaa chini sikujua la kufanya, wageni wanakuja saa nne. Nikampigia yule ami, akasema kwani wapigaji wanafanyaje tari likilegea, tia makaa kwenye jiko. Basi tukapitisha kila moja juu ya jiko kwa mbali, unageuza geuza usiiache ikae pahali pamoja, na unasikia kabisa inavyokaza, ukigonga inalia. Na kwa vile jiko liko na udi uko, nikatia udi hapohapo. Harufu ikatoka mlangoni ikashuka na kichochoro, na kina mama waliokuwa wakipita wakidhani ni galari ya wazungu wakasimama kuuliza hapa kuna harusi? Wakaingia. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi jiko na udi.

Lakini wengi walichungulia tu wakaenda, kwa sababu ndani kuna wanaume wamejaa na wao wanataka kutazama kwa nafasi. Nikaomba kwenye kikao tupewe siku mbili za wanawake peke yao, alasiri mpaka magharibi, wanaume wote watoke hata wenye kazi zao. Mmoja alinung'unika kidogo, wengine wakakubali. Na tulikuwa tumeandika vibao vyote kwa Kiswahili, jina la ua, asmini au kilua, na imepakwa wapi, kiganjani au mguuni. Wasichana wanaotaka kufanya kama mimi, hili msiliache kabisa. Hizo siku mbili waliingia watu wengi kuliko wiki nzima, na watoto wao, na zogo lake, wanabishana hii ni ya mguu si ya mkono, wanakumbushana harusi za nani na nani.

Siku ya pili ya wanawake akaletwa bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani, mtu mzima sana, ameshikwa huku na huku. Kati ya vile tisa kimoja sikukitilia bei, ni nakshi ya bibi yangu ya kiganja kama ninavyoikumbuka mimi. Akasimama mbele yake, akatoa mkono wake kwenye buibui akauweka juu ya ngozi bila kuuliza mtu. Mi sikumkataza. Akasema hii nilipakwa mimi na bibi yako siku yangu. Nlishindwa kujibu. Halafu akauliza nani aliyekosea hapa, na kidole kiko kwenye shina la kilua.

"Hapa kulikuwa na majani matatu. Mawili yaangalia nde (nje) na moja lamuangalia mwenye mkono. Wewe umetia mawili."

Nikampa kalamu na karatasi, mkono hauna nguvu lakini jani akalitoa, dogo, limeinama ndani kuelekea kwenye kifundo. Nikakumbuka palepale, nilipokuwa mdogo bibi alikuwa akilitia mwisho kabisa, wakati sisi watoto tumeshaambiwa tukalale.

Ile karatasi nimeibandika jikoni. Ngozi nyingine iko kwenye ndoo ya chokaa tangu juzi, leo ni siku ya tatu nywele bado hazijaachia.