Majivu nayo huyeyuka

Jamani, mnaochoma makaa ya mawe kwenye boila, msiishie kuuliza majivu ni asilimia ngapi. Ulizeni yana madini gani.

Wiki hii maabara tulipima sampuli mbili. Majivu yanafinyangwa kuwa piramidi ndogo, inaingia kwenye tanuri lenye oksijeni kidogo, nawe unachungulia kidirishani. Ile ya rangi ya kutu ililainika nchani kabla ya nyuzi 1,200 za Selsiasi, ikaviringika, ikajilaza kama nta. Nyeupe ilisimama wima hata ilipopita 1,400. Nilifurahi mno kuliona hilo kwa macho yangu!

Nyeupe ilikuwa na kaolini nyingi, yaani udongo mweupe wenye silika (kama ya mchanga) na alumina (oksidi ya alumini), na hizo haziyeyuki kirahisi. Ya kutu ilijaa chuma kilichotokana na pairiti, madini ya chuma na salfa, na oksijeni ikipungua chuma hicho huzidi kuyeyusha wenzake. Chokaa ndiyo inayonishangaza zaidi: peke yake inataka zaidi ya nyuzi 2,500, lakini ikichanganyika na silika na alumina, vyote vinalainika mapema. Majivu yakilainika hivyo, ndipo mabomba ya boila yanapogandwa na mabonge yake, ambayo mafundi huyavunja kwa nyundo, kiwanda kimesimama.