Macho yangu, leza ya Nairobi na vumbi la Malaba

Sili ya kontena ina herufi na tarakimu ndogo, na mara nyingi imeshakula tope tangu Mombasa. Wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, hana budi kuisoma mwenyewe na kuilinganisha na karatasi, mvua inyeshe isinyeshe. Kazi hiyo nilikuwa nikiifanya kwa miwani ya hasi 5.50 jicho la kulia na hasi 4.75 la kushoto, na astigmatizimu kidogo juu yake, yaani jicho lisilo la mviringo sawasawa. Bila miwani, hata jina la kampuni lililoandikwa ubavuni mwa lori sikulisoma. Nikiwa nayo, jasho, matone ya mvua na vumbi vilinitoa roho. Lenzi za kuvaa jichoni nilizitumia nikaziacha, kwa sababu mikono yangu haikosi grisi, na lenzi iliyoshikwa kwa vidole vichafu ni njia fupi ya kupata kidonda kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho.

Nikaanza kuwaza upasuaji wa leza wa kurekebisha macho ili niachane na miwani. Pesa nilikuwa nazo SACCO, nimeziweka kwa ajili ya pikipiki. Mke wangu akaniuliza, "Baba Aisha, pikipiki na macho, kipi kitatulisha?" Nikamwambia macho. "Basi nenda. Ila usinirudie kipofu."

Nilikwenda Nairobi, maana kutoka Malaba ni safari ya basi moja tu la usiku, kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka, na shemeji yangu anaishi kule. Hilo la shemeji msilidharau. Nitalirudia.

Nilidhani nitafanyiwa LASIK, aina ya upasuaji wa leza ambayo kila mtu anaitaja. Daktari aliniuliza kazi yangu kwanza. Nilipomweleza kwamba napanda matela na kufungua maturubai, akasema, "Kamba ikikurudi usoni siku moja, itakuwaje?" Kwenye LASIK wanakata kifuniko chembamba cha konea, wanakifunua, leza inachonga chini yake, kisha wanakirudisha mahali pake. Kinashika vizuri, lakini hakishikamani tena kama kilivyoumbwa, na pigo kali linaweza kukisogeza hata miaka baadaye. Njia aliyonishauri, inayoitwa trans-PRK, haina kifuniko. Asili yake ni PRK, ambayo ni ya zamani kuliko LASIK. Leza yake iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Enzi hizo daktari alikwangua kwa mkono ule utando wa juu wa konea, au aliulegeza kwanza kwa alkoholi. Katika trans-PRK, utando huo wa takriban maikroni 55 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) unaondolewa na leza yenyewe, kisha leza inaendelea kuchonga umbo jipya palepale. Hakuna kisu wala brashi, ndiyo maana wengine huiita leza isiyogusa jicho.

Vipimo vilichukua muda mrefu kuliko upasuaji wenyewe, na naona ndivyo inavyopaswa kuwa. Mashine moja ilichora ramani ya konea, mbele na nyuma, na kupima unene wake. Konea ya kawaida katikati ina kama maikroni 540. Kila namba moja ya miwani inakula kama 12 hadi 15, kutegemea upana wa eneo linalochongwa. Kwa hiyo kwanza wanapiga hesabu ya kitakachobaki. Walitafuta pia dalili za keratokonasi, yaani konea inayochongoka na kuwa nyembamba. Mtu mwenye tatizo hilo akichongwa kwa leza, konea inaweza kuzidi kuporomoka. Daktari aliniuliza mara kadhaa kama nafikicha macho. Watoto wetu wenye mzio wa macho hufikicha mchana kutwa, na kufikicha kunahusishwa na tatizo hilohilo. Mimi nilipita. Namba yangu pia ilikuwa haijabadilika kwa zaidi ya mwaka, jambo wanalolitaka kwa kila mtu.

Upasuaji wenyewe una maneno machache. Matone ya ganzi, kisha kibanio cha chuma kinachozuia kope zisifunge. Unalala chali ukitazama taa ya kijani inayopepesa. Leza ya eksima ni mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193, hauonekani kwa macho. Unachosikia ni mlio wa tik-tik-tik wa haraka, na kila pigo linaondoa kama robo ya maikroni. Kamera inafuata mwendo wa jicho, na jicho likikimbia mbali mashine inasimama. Taa ya kijani ilitawanyika ikawa wingu. Nikanusa kitu kama nywele zilizoungua, kumbe ni konea yangu. Kila jicho halikufika dakika moja. Baadaye daktari aliweka kisponji chenye dawa ya maitomaisini kwa sekunde chache ili kuzuia ukungu kwenye konea, akaosha, akafunika kwa lenzi laini ya kulinda kidonda. Kwa hiyo leza ndiyo haikunigusa. Sponji na lenzi vilinigusa.

Nilitoka nikitembea, nikamwambia shemeji hii kitu ni rahisi. Akanitazama tu.

Ganzi ilipoisha jioni ile, machozi yalianza kumwagika kama niliyepuliziwa pilipili. Siku ya pili ndiyo iliyokuwa kali zaidi. Tulifunika dirisha kwa blanketi, na bado mwanga wa simu ulinichoma. Hapo ndipo ukaribu wa shemeji ulipohesabika: yeye ndiye aliyekuwa anasoma majina kwenye vichupa, hiki cha antibayotiki, hiki cha steroidi ya kutuliza uvimbe, hiki cha machozi ya bandia, na kuacha nafasi kati ya tone na tone ili dawa moja isiisukume nyingine nje. Mimi sikuweza kusoma hata herufi moja. Nilimwomba daktari kichupa cha ganzi cha kwenda nacho nyumbani, akakataa katakata: ganzi ikitumiwa hovyo inazuia utando kuota tena na inaweza kuharibu konea. Nilimeza dawa za maumivu nikalala.

Jambo ambalo lingenitia hofu kubwa, kama nisingeambiwa mapema, ni kwamba uoni ulianza kuwa mzuri halafu ukarudi nyuma. Utando mpya unaota kutoka pembeni kuelekea katikati, na kingo zake zinapokutana mbele ya mboni, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya tano, zinaacha mkunjo unaotia ukungu. Kidonda kilipofunga, daktari aliitoa ile lenzi, na nikapanda basi kurudi nikiwa naona kama mtu aliyevaa miwani ya mwenzake. Mkunjo huo hunyooka taratibu, kwa wiki kadhaa.

Kazini nilikuwa nimeshapanga. Mwenzangu alichukua yadi, mimi nikabaki ofisini na kompyuta, maandishi yamekuzwa hadi yakajaa kioo. Vumbi la Malaba wakati wa kiangazi halina mchezo, na jicho lililochongwa hukauka upesi. Nilivaa miwani ya jua inayozuia urujuanimno kila nilipotoka, hata mawingu yakiwepo, kwa sababu jua linachangia ule ukungu wa konea, na sisi jua letu ni la ikweta. Madereva walinicheka, "Leo wakala amekuwa msanii!" Wacheke.

Matone ya steroidi yaliendelea kwa miezi, yakipunguzwa kidogo kidogo. Dawa hizo zinaweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kuhisi chochote, kwa hiyo nilikuwa nakwenda hospitali ya macho pale Tororo kupimwa, karibu kuliko kurudi Nairobi. Daktari wa Nairobi aliniandikia barua ya vipimo vyote niende nayo. Mtu wa Uganda anayefikiria kuvuka mpaka kwa jambo hili aiombe barua hiyo kabla ya kulipa.

Sasa nasoma mstari wa 6/6, yaani uoni wa kawaida, kwa macho yote mawili. Usiku, taa za malori yanayokuja zilikuwa na duara la mwanga kuzizunguka kwa muda mrefu. Duara hizo zimepungua, hazijaisha kabisa, hasa mvua ikinyesha. Machozi ya bandia yako mfuko wa shati kila siku. Na nimeshaambiwa kwamba nikipita miaka 40 nitahitaji miwani ya kusomea kama kila mtu, kwa kuwa hiyo ni shida ya lenzi ya ndani inayokakamaa, na konea haihusiki.

Mzee mmoja tunayefanya naye kazi aliposikia, alitaka kuuza ng'ombe aende Nairobi na yeye. "Mwanangu, nipe namba ya huyo daktari." Nikamwambia, mzee, tuanzie Tororo kwanza. Walimpima wakamkuta na mtoto wa jicho, kitu ambacho leza ya konea haikigusi; dawa yake ni kuondoa lenzi ya ndani iliyochafuka na kuweka ya bandia. Alifanyiwa palepale Tororo, jicho moja kwanza, na ng'ombe wake bado yuko.