Mbele ya nyumba panapojitunza penyewe

Nilipoamua kuupendezesha uwanja wa mbele wa nyumba yetu hapa Malindi, jambo la kwanza nililoliondoa katika hesabu lilikuwa nyasi. Nyasi za kupandwa hutaka maji mengi wakati wa kaskazi, nayo maji ya bomba hukatika mara kwa mara, na kisima chetu kina chumvichumvi kama visima vingi vilivyo karibu na bahari. Kwa hiyo nilitafuta mimea itakayoyavumilia maji hayo, pamoja na upepo wa kusi, bila kuhitaji mtu wa kuihudumia kila siku.

Kila upande wa lango nilipanda boganvilia mwezi wa Aprili, masika yakianza, ili mvua yenyewe iikuze mizizi. Mmea huu ukishashika hustawi kwa kiu: ukimwagiliwa kupita kiasi hutoa majani tele na maua machache, jambo ambalo jirani yangu, anayeinyweshea yake kila jioni, bado hajakubali kuliamini. Miiba yake huwazuia mbuzi wanaozurura mtaani, ingawa matawi hupaswa kupunguzwa kila maua yanapokwisha, yasije yakawachoma wapita njia. Chini ya ukuta niliweka mishubiri na waridi la jangwani, mmea wa nyika unaohifadhi maji katika shina lake nene. Kwa kuwa utomvu wa waridi hilo una sumu, nililitenga mbali na baraza, ambako watoto hucheza.

Eneo lililobaki nililifunika kwa kokoto nyeupe za matumbawe. Nilizinunua kwenye timbo la nchi kavu, ambako hukatwa mawe ya mwamba wa kale ulioachwa na bahari. Matumbawe yaliyo hai majini si ya kuguswa, na hifadhi ya bahari iliyopo hapa Malindi imeyalinda tangu mwaka 1968. Kabla ya kuzimwaga, fundi aliisawazisha ardhi kwa mteremko mdogo unaoelekea kwenye mimea, ili maji ya mvua yaifuate mizizi badala ya kutuama mlangoni. Kazi hiyo haionekani kwa macho, lakini kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili gharama kuliko zote.

Kuzunguka mashina nilitandaza makumbi, ambayo wafua nazi huyatoa karibu bure. Huhifadhi unyevu na kuzuia magugu, ila sikuyasogeza karibu na mlango wa mbao kwa kuhofia mchwa. Baraza na ukuta vilipakwa chokaa tu.

Mama alishikilia kwamba nyumba haiwezi kukosa asumini, na asumini hupenda maji. Mche wake niliupanda kando ya bomba la kutawadhia, ambapo maji ya udhu yanayomwagika huutosha mwaka mzima.